Breki Iliyogoma Kuachia

Nimekuwa karakana ya reli tangu nikiwa saidia fundi, na muda mwingi nimeumalizia kwenye shimo la ukaguzi, chini ya mabehewa. Sifa huenda kwa mafundi wa injini. Mimi nilivutwa na breki.

Breki ya treni huwachanganya wageni. Dereva akitaka kusimama hapeleki hewa kwenye magurudumu. Anaipunguza kwenye bomba kuu linalopita treni nzima. Kila behewa lina tangi lake dogo. Presha ya bomba ikishuka, valvu inaruhusu hewa ya tangi iingie kwenye silinda, pistoni inasukuma fimbo, viatu vya breki vinabana magurudumu. Mpira wa hewa unaounganisha bomba ukipasuka au mabehewa yakikatika, treni inajifunga yenyewe. Mfumo wa kwanza wa George Westinghouse, Mmarekani aliyebuni breki hii, wa mwaka 1869, ulikuwa kinyume: ukivuja, huna breki. Aliugeuza miaka michache baadaye.

Sasa, kulikuwa na behewa moja la mizigo lililorudi kwetu mara kwa mara, magurudumu ya moto, rangi imebabuka. Breki hazikuwa zikiachia njiani. Tukabadilisha valvu, likatoka, likarudi. Tukafungua silinda; likatoka, likarudi. Na pale karakanani ukilijaribu linabana na kuachia vizuri kabisa. Wenzangu wakaanza kuwalaumu madereva. (Madereva nao hutulaumu sisi, kwa hiyo tuko sare.)

Nikaachana na vipuri, nikashika tochi nikawa naangalia kutu. Chini kote kulikuwa kahawia, vumbi la breki limeganda. Ila juu ya fimbo ndefu ya breki palikuwa na mstari unaong'aa, upana wa kidole, na kwenye fremu, sawasawa juu yake, mng'aro mwingine. Chuma hakijing'arishi chenyewe. Lakini kati yake palikuwa na nafasi ya vidole viwili.

"Fundi, hivi haviwezi kugusana," kijana niliyekuwa naye akasema.

"Likiwa tupu."

Kwetu mabehewa huletwa yakiwa matupu. Likipakiwa, springi zinalala na fremu inashuka. Nikaomba lipakiwe pale pale. Msimamizi alinung'unika kwamba tunapoteza muda. Nikamwonyesha vipuri vilivyokwisha kufungwa bure, akanyamaza. Mzigo ulipoingia, fremu ikakaa juu ya fimbo. Tukabana breki, tukaachia: hewa ikatoka kwenye silinda, fimbo ikabaki pale pale.

Kishikio kinachoibeba fimbo kilikuwa kimepinda kwenda juu, labda kwa kugongwa zamani. Tulifunga kingine, kazi isiyofika hata nusu siku, kisha tukarudia jaribio na mzigo ukiwa juu. Fimbo ikarudi.

Safari iliyofuata nilimwomba dereva alipime kituo cha kwanza. Akaleta jibu kwamba magurudumu yote yalikuwa na joto moja na ya mabehewa mengine.