Programu ya mizani iliyozima kila risiti ikitoka: jinsi nilivyotatua

Msimu wa korosho umepamba moto, na programu niliyoandika ya kusoma mizani kwenye ghala moja la Masasi inazima yenyewe. Karani akanipigia: "Kaka, inazima kila risiti ikishatoka, na wakulima wako foleni." Kauli hiyo ndiyo iliyonipa njia.

Risiti huchapwa na mchakato mtoto, yaani programu ndogo inayoanzishwa na programu kuu, mzazi wake. Mchakato huo ukimaliza kazi, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, humtumia mzazi ishara ya SIGCHLD, taarifa kwamba mtoto amemaliza, na mzazi wakati huo amelala ndani ya read(), mwito wa kuiomba kerneli data, akisubiri uzito kutoka kwenye mizani. Nikaendesha strace, zana inayoonyesha miito ya programu kwa kerneli: read imekatishwa, imeandikwa ERESTARTSYS, mstari unaofuata SIGCHLD. Kerneli humwamsha aliyelala, huendesha kwanza kazi uliyoipangia ishara, kisha, kama uliweka SA_RESTART (alama ya kuomba mwito urudiwe), mwito huanza upya, la sivyo read hurudisha -1 na errno, namba ya kosa, huwa EINTR (mwito umekatizwa na ishara), namba 4. Mimi nilipanga ishara kwa sigaction bila SA_RESTART, halafu kila -1 nikaihesabu kuwa kebo imechomoka!

Nikaongeza SA_RESTART. read ikatulia, ila poll(), mwito mwingine wa kusubiri data, bado ilikatika, maana poll na select hazianzi upya hata ukiiweka. Hapo nikaandika kitanzi: EINTR ikija, rudi usubiri tena, ukiondoa muda uliokwishapita. Kitanzi hicho kilistahili kuwepo tangu siku ya kwanza.

Jioni ile magunia yalipimwa hadi lori la mwisho, risiti baada ya risiti, na programu haikuzima.