Saa za Dar zilivyotuokoa Disney World

Kabla hatujaondoka kwenda Disney World, ile sehemu kubwa ya michezo kule Florida, Marekani, kila mtu alikuwa na ushauri, hata watu ambao safari yao ndefu ni Bagamoyo. Kinara alikuwa wifi yangu, yeye alikaa Marekani miezi mitatu zamani hizo, basi ndo imekuwa digrii. "Wifi, mkifika tu walazimishe watoto kulala saa za kule, siku hiyohiyo ya kwanza, ukiwalegezea imekula kwako." Nikaandika kwenye notibuku kabisa. Mjinga mimi.

Hela tulijichanga miaka mitatu, kikoba cha kazini pamoja na kile kiwanja cha Chanika ambacho mpaka leo hatujanunua. Visa siongelei, fomu, dola 185 kwa kichwa, interview, yanajulikana hayo. Ila hapa nijisifu kidogo: pale Disney mtoto akishafika miaka 10 tiketi yake ni ya mtu mzima, na mkubwa wangu anatimiza 10 mwezi wa nane, kwa hiyo nilimwambia mume wangu hapa ni mwezi wa sita au tusiende kabisa. Chini ya mitatu ni bure, lakini mdogo ana minne, hapo nilichelewa. Halafu watu wanadhani ni sehemu moja, kumbe mapaki yako manne na kila moja linakula siku nzima, sisi tulilipia siku nne.

Tulipanga apatimenti yenye jiko Kissimmee, karibu na Orlando, na gari tukakodi. Habari za kuendesha upande wa kulia muulizeni mwenyewe aliyeendesha.

Sasa siku ya kwanza. Watoto wakaamka saa tisa usiku wakitaka chai, maana Dar ilikuwa saa nne asubuhi, tofauti ni masaa saba. Mimi na notibuku ya wifi nikazima taa, nikawarudisha kitandani, huyu analia huyu anaimba, nikabembeleza, nikatisha, mpaka saa kumi na moja ndo wakakata, na sisi tukakata hapohapo. Kuja kufumbua macho ni saa nne asubuhi! Mvalishe huyu, mlishe yule, endesha, lipa paking, wakati ule dola 30, unadhani umefika, kumbe bado. Magic Kingdom, mojawapo ya yale mapaki manne, ukishapaki gari unatakiwa uvuke ziwa, ama kwa treni ya juu ama kwa pantoni. Ndiyo, pantoni. Nimekaa kwenye ndege masaa ishirini na kitu kupitia Dubai ili nije kusimama kwenye pantoni kama niko Magogoni, tofauti ni kwamba hakuna anayeuza karanga.

Getini tumefika saa sita. Kitreni cha Seven Dwarfs ubao unasema dakika 95, nikasema isiwe tabu, tukapanga foleni. Jua la Florida msilidharau kisa mmezaliwa Dar, mwezi wa sita kule hakuna upepo wa bahari. Saa nane mdogo akalala begani kwangu, mkubwa naye anasinzia wima kama mlinzi wa lindo la usiku. Mara radi, na radi ikipiga vitu vya kupanda vya nje vyote vinasimamishwa. Siku imetula zaidi ya milioni na tumepanda vitu viwili, kimoja ni yale mafarasi ya kuzunguka ambayo hata kwenye maonyesho ya Sabasaba yapo. Nililia chooni, sioni aibu kusema.

Aliyetuokoa ni mume wangu, na hakukusudia. Yeye mtu wa Tanga, hana haraka, saa yake ya mkononi alikuwa hajaibadilisha tangu tupande ndege. Akaitazama akasema, "Mama watoto, hawa wala si wakorofi. Nyumbani saa hizi ni saa tatu usiku, ndo muda wao wa kulala."

Nikachana ule ukurasa. Kesho yake walivyoamka saa tisa usiku nikawaambia karibuni, amkeni, tena washeni taa zote. Nikakanda unga, nikapika chapati kumi na mbili usiku ule huku wanakunywa uji, wakaoga bila kukimbizwa, na saa mbili kasoro tuko paking, Wazungu wanapiga miayo na sisi miili yetu inajua ni saa tisa mchana! Geti linafunguliwa tuko mbele. Kitreni kilekile cha dakika 95 tukapanda baada ya kama dakika 20. Space Mountain, kitreni cha kasi cha gizani, wanataka mtoto afike sentimita 112, mdogo nilishampima nyumbani kwa tepu ya fundi cherehani ana 101, sasa hapo waambie wahudumu mlangoni mnataka Rider Switch: baba akaingia na mkubwa, mimi nikabaki na mdogo, walipotoka nikaingia mimi kwa mlango wa haraka na mkubwa akarudi tena na mimi. Mara mbili kwa foleni moja, nikajiona mjanja wa Kariakoo kabisa.

Chakula chako wanakuruhusu kuingia nacho, chupa za glasi na pombe ndo hapana. Chapati tulikula tunaangalia kasri. Na maji ya barafu pale wanapouza soda unaomba unapewa bure, usinunue. Saa saba tunatoka, saa nane watoto wamezima ndani ya gari. Makoti ya mvua nilibeba ya Kariakoo.

Siku ya Animal Kingdom, lile paki la wanyama, nusura mume wangu atuaibishe. Kuna kijiji wamekiita Harambe, akasimama hapo: kwanza e moja imeliwa, paki limefunguliwa 1998 na hamna aliyewaambia, pili hilo neno la Wakenya, na humohumo ndo wameweka Kilimanjaro Safaris, yaani Mlima wetu wamewapa tena! Tukapanda lile lori kama dakika ishirini, twiga wale, tembo wale. Mkubwa akauliza mbona hawa ukipanda basi la Mbeya unawaona Mikumi. Nikamwambia nyamaza tumeshalipa.

Fataki za usiku hatukuziona, nisiwadanganye. Saa tatu usiku ya kule ni saa kumi alfajiri ya kwetu, tulijaribu siku moja, watoto wakalala kwenye kigari mwanzo mwisho na mimi niliona nusu. Na siku ya tano miili ikaanza kuzoea, bahati nzuri tiketi zilikuwa zimeisha.

Wifi nimemwambia ushauri wake ulisaidia sana.

Mdogo tukimuuliza alipenda nini anasema pantoni. Jumamosi iliyopita nimempeleka Kigamboni, nauli 200, tukavuka na kurudi mara tatu.