Nilivyoacha kuliwa chipu na wale wapole wenye karata kali

Jamani kuna wachezaji wa poka walikuwa wananimaliza kimya kimya. Nina ree na K, mezani inafunguka K, 7, 2, napiga dau jamaa anafuata tu (analipa dau langu bila kuongeza), karata ya nne napiga tena anafuata, ya mwisho napiga nusu ya poti (dau zote zilizokusanyika mezani) hapo ndo anaamka anaongeza mara tatu, mi nalipa, anafunua 7 mbili, na ile ya mezani zinakuwa 7 tatu, jozi yangu ya K imeliwa. Kila siku hivyo hivyo, najiambia bahati mbaya kumbe uzembe wangu.

Nikapitia raundi zote nilizoliwa nikaona kosa, nilikuwa nachukulia upole wake kama udhaifu. Mtu asiyependa kuongeza dau akiongeza mwishoni hatanii. Hesabu iko wazi, poti 100, nimeweka 50, yeye kaweka 150, natakiwa nilipe 100 nigombee 300, yani 100 kati ya 400 ukijumlisha na yangu, lazima nishinde angalau 25% ya mara hizo, na kwa mtu wa aina hii jozi moja haifiki huko hata kwa dawa.

Siku hizi akiongeza naweka karata chini hata kama roho inauma (na inauma kweli). Kumtisha na dau bila karata nimeacha, hatoki huyo. Jozi nzuri napiga mara mbili za mwanzo maana anafuata na takataka nyingi pia, mwishoni nikiwa na mashaka nacheki (napitisha bila kuweka dau), mara nyingi na yeye anacheki tunafunua bure. Nikishika kali kweli ndo napiga dau kubwa, analipa tu.