Ulinishika kwanza au ulisema kwanza?

Juzi jioni nimekaa uani nabangua korosho, kitinda mimba wangu katoka shule hata sare hajavua akaniuliza, mama, polisi akija kukukamata unaruhusiwa kukataa? Nikabaki nimeishika korosho, sijui nimwambie nini.

Wale wa kwetu Magomeni mnaikumbuka ile Oktoba 2016. Siku mbili kabla, mafuta ya maganda yaliniunguza kifundo cha mkono wa kulia, mnajua yale yakikushika ngozi inatoka kama gamba la kitunguu, nikapaka majivu nikafunga kipande cha khanga nikaendelea na kazi maana msimu haungoji mtu. Basi nimeinama najaza mchanga kwenye bati moto umepanda, bodaboda ikasimama, wakashuka wanaume wawili wamevaa fulana tu, mmoja bila hata salamu akanidaka palepale kwenye kidonda. Nilipiga ukelele nikauchomoa mkono kwa nguvu zangu zote, majirani wakajaa wakidhani wezi, ndipo wakasema sisi ni polisi.

Kituoni nikaambiwa ni kangomba, eti lile gunia la korosho ghafi nimenunua kwa watu nje ya chama cha msingi cha ushirika, wakati ni za shamba la mama yangu. Siku ya kupelekwa mahakamani kangomba haipo tena, nasomewa kosa moja tu, kumzuia askari kufanya kazi yake, kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 5. Yaani nilikamatwa kwa kosa ambalo halikuletwa, nikashitakiwa kwa kukataa kukamatwa.

Wakili sikuwa na uwezo wa kumlipa. Mzee mmoja jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama, ndiye alichana karatasi ya daftari akaandika namba mbili, 11 na 23, za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Akaniambia, mwanangu, hii ya 11 inampa askari ruhusa ya kukugusa mwilini anapokukamata, na ukimpinga kwa nguvu naye anaruhusiwa kutumia nguvu inayotosha, hapo usibishane naye. Hii ya 23 ndiyo yako, inamtaka akwambie kosa lako wakati uleule anapokukamata. Ila wana mlango wa kutokea, watasema wewe ndiye ulileta vurugu hukuwapa nafasi ya kusema. Kwa hiyo usiulize kama alisema, uliza kipi kilitangulia.

Siku ya shahidi wa kwanza nilivaa baibui la dada, mikono mirefu, natetemeka mpaka nikakishika kizimba. Hakimu anaandika kwa mkono, sisi tunaongea Kiswahili yeye anaandika Kiingereza, kwa hiyo kila jibu tunamsubiri amalize. Nikaambiwa muulize shahidi. Nikasema, afande, siku ile ulivaa sare? Hapana. Mkono wangu ulioushika ulikuwaje? Akafikiri kidogo, akasema ulikuwa umefungwa kitambaa. Nikasema, ulinishika kwanza au ulisema kwanza?

Akajibu haraka kabisa, nilimshika kwanza ili asikimbie.

Kalamu ikasimama. Hakimu akainua kichwa akamwambia, rudia shahidi, taratibu. Akarudia. Mle ndani nikawa nasikia feni tu na ile kalamu inavyokwaruza karatasi, na mimi namwangalia afande, kijana tu, jasho linamtoka kwenye nywele za pembeni, na kwa kweli nilimwonea huruma, maana nilijua amesema ukweli.

Baada ya hapo kesi ikaahirishwa weee, shahidi wa pili hakutokea, mwisho hakimu akasoma kifungu cha 230 akasema sina kesi ya kujibu, nikaachiwa. Nilimpelekea mzee kilo mbili za korosho nyeupe, akakataa, akachukua moja.

Sasa kinachonisumbua ni kwamba mimi siku ile sikuuvuta mkono kwa kuijua sheria, hiyo 23 nilikuwa sijawahi hata kuisikia. Niliuvuta kwa sababu ya maumivu. Na aliyeshikwa vilevile lakini hana kitambaa mkononi, hana karani jirani, akaruka tu kwa woga, yeye anamweleza nini hakimu? Wapo vijana walishikwa msimu uleule, sikusikia kesi zao ziliishaje.

Nikamwambia mtoto, ukishikwa tulia, usivute mkono, uliza tu nimekosa nini, hilo lazima wakujibu. Akaliangalia lile kovu jeupe kwenye mkono wangu, akaligusa kwa kidole.

Na kama pale aliposhika panauma?

Nikamwambia nenda kavue sare, ule.