Mbuyu ni Mama au Baba?

Daftari la binti yangu limerudi kutoka shuleni likiwa na duara la wino mwekundu kwenye neno moja, une, kitangulizi cha Kifaransa cha maneno ya kike, alilolitanguliza mbele ya arbre, yaani mti, na kosa si lake. Jumapili jioni aliniuliza kama mti kwa Kifaransa ni wa kike au wa kiume, nami nikamjibu papo hapo, kama mtu aliyesomea jambo hilo, kwamba ni wa kike. Hii ni mara ya pili kulifanya kosa hilohilo, na safari ya kwanza liliniponza hadi chini ya mbuyu.

Tulipokuwa kidato cha pili seminarini, ratiba ilitupa Kilatini saa mbili asubuhi na Kifaransa mara tu baada yake. Kilatini tulifundishwa na padre mzee, Mwitaliano, na Kifaransa na mwalimu kijana aliyetoka Burundi. Padre alitamka kila herufi iliyoandikwa, jambo ambalo kwetu tuliokulia katika Kiswahili lilikuwa raha tupu: cantant, yaani wanaimba, ilisomeka kama ilivyoandikwa, na mtendaji alikuwa amekwisha kuingia ndani ya kitenzi kama kwetu, ila sisi tunamweka mwanzoni na wao wanamweka mwishoni. Baada ya dakika 40 waimbaji walewale walikuwa ils chantent, herufi tatu za mwisho zimemezwa, na ole wako uzitamke.

Fedha niliyopewa na mama ilitosha kununua daftari moja kubwa, hivyo Kilatini kilianzia mbele na Kifaransa kikaanzia nyuma. Kwa miezi kadhaa mpango huo ulinifaa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu maneno ya huku yaliitana na ya kule: schola na école, yaani shule, fenestra na fenêtre, yaani dirisha (kile kikofia juu ya e, padre alituambia, ni kaburi la s), vinum na vin, yaani divai, ambalo halikuhitaji maelezo kwa watoto wa Dodoma waliokulia kando ya mashamba ya zabibu. Nilijifunza neno moja nikapata mawili, kama mtu aliyenunua mbuzi akamkuta ana mimba.

Kilichoniangusha ni jinsia. Kilatini kina tatu na Kifaransa kina mbili, na neno linapohamia Kifaransa si lazima lije na jinsia yake. Flos, yaani ua, ni la kiume, lakini fleur ni la kike. Arbor, yaani mti, ni ya kike, na majina mengi ya miti ni ya kike hata yale yanayoishia na -us, ambayo kwa kawaida ni mwisho wa kiume, kama quercus, mwaloni, lakini arbre ni ya kiume. Najua sisi wenye ngeli hatuna haki ya kulalamika sana, maana hakuna aliyewahi kumweleza padre kwa nini kisu na kijiji vinakaa nyumba moja. Hata hivyo ngeli mara nyingi hujitangaza mwanzoni mwa neno, ilhali arbor inakutazama tu.

Jumatatu moja ya Oktoba niliandika ubaoni une grande arbre, mti mkubwa kwa umbo la kike, na mwalimu akanisahihisha mbele ya darasa zima. Usiku ule niliapa kwamba mti hautakuwa wa kike tena. Kesho yake, katika jaribio la Kilatini, niliandika mti mkubwa kwa umbo la kiume, kwa mwandiko mzuri kabisa: magnus arbor.

Padre hakunichapa wala hakunigombeza. Alinishika mkono, akanitoa nje hadi kwenye mbuyu uliokuwa nyuma ya darasa, akauweka mkono wangu kwenye gome. Mvua zilikuwa hazijaanza, mti haukuwa na jani hata moja, na shina lilikuwa limekwisha kupata moto ingawa jua lilikuwa bado la asubuhi. Juu ya kichwa changu palikuwa na vigingi vya zamani vya warina asali, vimemezwa na gome hadi vikabaki ncha tu.

“Mwanangu, huyu ni nani?”

“Ni mama, padre.”

“Kwa hiyo?”

“Magna arbor.”

“Tena.”

Nilirudia mara tatu, na wenzangu walikuwa wamejaa madirishani. Hapo mwalimu wa Kifaransa akatokea na boksi lake la chaki, akasema Tumsifu Yesu Kristo, akauliza kulikoni. Padre alimweleza. Mwalimu aliutazama mbuyu kuanzia chini hadi juu, akasema kwa adabu, “Lakini padre, jana mimi nilimwambia ni baba.” Wakacheka wote wawili, kisha wakaanza kuzungumza Kifaransa cha haraka ambacho sikukiambulia hata neno, wakaondoka taratibu kuelekea ofisini. Hakuna aliyeniambia niutoe mkono. Nilibaki nimeushika mti, siafu wawili wakinipanda kifundo cha mkono, hadi kengele ilipogongwa.

Mwisho wa muhula mkuu wa masomo alitushauri tuliokuwa tukichanganya tubaki na lugha moja, na kwa kuwa Kilatini kilikuwa lazima, niliacha Kifaransa. Baadaye niliacha seminari pia, nikabaki na Kilatini nisicho na wa kuzungumza naye. Kuna siku huona kwamba ningeanza na kimoja kwa miaka miwili nisingeaibika. Lakini maneno ya Kifaransa niliyobaki nayo mpaka leo karibu yote ni yale yaliyokuwa na ndugu upande wa mbele wa daftari. Yaliyokuja peke yake yamekwenda.

“Kwa hiyo niandike un?” binti yangu aliniuliza, raba mkononi.

“Andika un.”

“Una uhakika, baba?”

Nilimwambia amuulize mwalimu wake.