Nilivyomfundisha kikapu binti wa netiboli

Nilipokabidhiwa timu ya wasichana ya chuo chetu hapa Dar, walijiandikisha kumi na mmoja. Nikauliza nani amewahi kucheza kikapu, wakanyoosha mikono wawili. Netiboli? Karibu wote. Sikushangaa. Shule nyingi zina magoli ya netiboli hata pale ambapo hakuna kikapu hata kimoja, na wengi wao walikuwa wamepitia UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari.

Mmoja, mrefu, alikuwa mfungaji wa shule yake huko Tanga. Siku ya kwanza nilimrushia mpira, akaudaka vizuri kuliko wote, halafu akasimama kama anayepigwa picha.

"Mwanangu, mbona umeganda?"

"Kocha, nikienda nao si kosa?"

Kwenye netiboli hukimbii na mpira, na ukishaudaka una sekunde 3 tu uwe umeshautoa. Miguu yake ilikuwa imelelewa hivyo miaka sita. Basi tukaanza na kudunda: mstari hadi mstari, mkono wa kushoto peke yake, huku akinitajia idadi ya vidole ninavyonyoosha ili macho yasishuke kwenye mpira. Tulifanya saa kumi na mbili asubuhi kabla ya vipindi, maana jioni uwanja ulikuwa wa wavulana, na saa nne ile saruji unaweza kukaangia mayai. Mipira tulikuwa nayo minne, mitatu ikiwa namba 7 ya wanaume. Wanawake wanachezea namba 6, ambayo mzingo wake ni pungufu kama sentimita 3. Kwa viganja vya mabinti tofauti hiyo si ndogo. Ofisini niliambiwa nisubiri bajeti, tukachangishana.

Kudunda kulikubali. Nilipoharibu ni kwenye kutupa.

Alikuwa anafunga kinetiboli: mpira juu kabisa ya kichwa, mkono mmoja, anausukuma taratibu kwa ncha za vidole. Nikasema hapana, hiyo siyo kikapu. Nikamshusha mpira usawa wa paji la uso, kiwiko hivi, magoti vile. Mtu aliyekuwa anaingiza nane katika kumi akawa anaingiza miwili. Wiki ya tatu akaanza kuchelewa, ya nne hakuonekana. Mwenzake akaninong'oneza, "Kocha, anasema amesahau mpira."

Usiku ule nilikaa na daftari langu nikiona aibu. Goli la netiboli lina kimo kilekile cha kikapu, mita 3.05, ila ringi yake ina upana wa sentimita 38 na ya kikapu 45. Tena halina ubao. Mtu anayetumbukiza mpira kwenye tundu dogo vile, bila ubao, mimi namsahihisha nini?

Nikamfuata kantini, nikamwomba radhi mbele ya chai na maandazi, nikamwambia arudishe mtupo wake. (Mpira ukiwa juu vile, nani ataufikia kuuzuia?) Niliongeza kitu kimoja tu, ubao. Mstatili wa ubao wetu ulikuwa umefutika, kwa hiyo niliazima ngazi kwa fundi nikauchora upya kwa chaki, sentimita 59 kwa 45. Ukiwa pembeni karibu na kikapu, lenga kona ya juu iliyo upande wako. Mvua ya masika ikifuta, napanda tena.

Ikabaki ulinzi. Netiboli inakutaka uwe mbali na mwenye mpira kwa mita moja kasoro kidogo, na yeye alikuwa anarudi nyuma mwenyewe, kwa adabu zote. Nikaleta kanga. Mshambuliaji anashika pindo moja, yeye jingine, na kanga isikaze hata mara moja. Wavulana walikuja kutucheka. Wiki mbili baadaye nikawaona na wao wanaazima kanga.

Mechi yetu ya kwanza ya kirafiki alifunga pointi 14, nyingi kupitia ile kona ya mstatili. Robo ya tatu haijaisha, filimbi ikalia, faulo yake ya tano. Akaja benchi anatweta, akakaa pembeni yangu.

"Kocha, si ulisema nisogee?"