Mstari Mwekundu

Leo nimechelewa kazini dakika kumi na mbili na hakuna aliyeniuliza. Nimefungua daftari la mahudhurio, nikaandika jina, saa na sahihi, kisha macho yakaanza kuutafuta ule mstari. Haupo. Mwalimu mkuu wa sasa hachori. Ana muhula mzima hapa na mimi bado nautafuta.

Aliyemtangulia alikuwa na rula yake na kalamu nyekundu. Ikifika saa moja na nusu anapiga mstari chini ya jina la mwisho, anafunga daftari, analipeleka ofisini kwake. Ukichelewa unamfuata humo kusaini chini ya mstari, naye anakutazama tu bila neno. Basi tukajifunza kuwahi. Ila tulichokuwa tunawahi ni mstari, kipindi hakikuhusu. Unasaini saa moja na dakika ishirini na nane, unarudi kitini, kengele ya kipindi cha kwanza inalia na wewe ndiyo kwanza stori imenoga. Nimeshawahi kuingia darasani zimebaki dakika kumi na tano, nikawaambia watoto wafungue kitabu wanakili mpaka kengele. Kwenye daftari nilikuwa mwalimu wa mfano.

Maandalio ya somo nayo hivyo hivyo. Ijumaa tunayarundika mezani kwake, Jumatatu yanarudi na sahihi nyekundu. Kuna wakati nilinakili andalio lile lile la hesabu za sehemu wiki tatu mfululizo, nabadilisha tarehe tu, nione itakuwaje. Nikapata sahihi tatu, zote safi. Nilipowasimulia wenzangu ofisini tulicheka mpaka machozi, na kila mtu akatoa la kwake. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: sasa darasani ulifundisha nini hizo wiki tatu?

Na tulikuwa tunapendana, hilo lazima niliseme. Mtu akiugua tunamtembelea, akifiwa tuko naye. Mgeni angeingia ofisi ile angesema walimu hawa wana umoja. Tulikuwa nao kweli, umoja wa kumsema mkubwa.

Chuoni tulisoma habari za Halpin na Croft, watafiti wa Marekani ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipima hali ya hewa ya kazi, yaani mahusiano ya walimu wenyewe kwa wenyewe na mkuu wao, katika shule 71 za msingi kwa hojaji ya vipengele 64. Mimi niliikariri kwa ajili ya mtihani, nikaisahau siku ya mwisho ya mtihani. Wiki hii nimeirudia. Wana vipimo vinane, vinne vya tabia ya walimu na vinne vya tabia ya mkuu. Kwa walimu wametenganisha mambo mawili ambayo siku zote nilidhani ni kitu kimoja: ukaribu wao kama watu, na ari yao ya kazi. La kwanza tulikuwa nalo tele. Kipimo kingine kinahusu walimu kuona wanabebeshwa makaratasi na shughuli zinazowazuia kufanya kazi yenyewe. Hapo ningejaza alama ya juu kabisa, tena kwa roho nyeupe.

Ningefurahi kuishia hapo, maana hadi hapo lawama zote ni za mwenye rula. Aliyeniharibia ni Hoy na wenzake, waliokuja kuifanyia marekebisho hojaji hiyo miaka ya 1980. Hao wanapima uwazi wa mkuu mbali na uwazi wa walimu mbali, kisha wanavikutanisha, na zinapatikana hali nne. Wote wawe wazi, au wote wawe wamejifunga. Hizo mbili hazina mjadala. Lakini iko ya tatu: mkuu anabana na kuamrisha, walimu wake wanapiga kazi kitaalamu na kusaidiana kana kwamba hayupo. Kumbe inawezekana! Na nikifikiri vizuri, tulikuwa na mtu wa namna hiyo, mama mmoja wa darasa la pili. Alisaini kabla ya mstari kama sisi, halafu anachukua chaki zake anaondoka. Tulimwita mwanajeshi. Tulisema anajipendekeza, wakati kwa mkuu hakuwahi kukanyaga ila akiitwa.

Ya nne ndiyo iliyonikalisha kuandika usiku huu. Mkuu anasikiliza, anasaidia, hasumbui watu na makaratasi, na walimu ndio kwanza wanalipua. Huyu wetu kikao chake cha kwanza alituuliza kila mmoja anahitaji nini ili afundishe vizuri. Tukatazamana. Hatimaye mmoja akaomba pazia la ofisi. Maandalio hayasaini yote. Anachukua mawili matatu, anayasoma, anakufuata na swali. Tunamwita mpole, na unavyolisikia neno hilo likitamkwa ofisini ungedhani ni jina la ugonjwa.

Leo wakati wa mapumziko mwenzetu mmoja kasema mstari urudi, eti walimu bila kubanwa hawaendi. Na mimi, niliyesaini saa moja na dakika arobaini na mbili, nimeitikia kwa kichwa.

Kuna mwalimu kijana, ana miezi minne kazini. Mchana amenifuata akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, naomba nije nikae nyuma ya darasa lako siku moja, nione unavyofundisha sehemu." Sehemu, katika mada zote! Miaka kumi na moja nafundisha na hajawahi kukaa mwenzangu nyuma ya darasa langu. Wakaguzi wamekaa, lakini wakaguzi unawaandalia. Nimemwambia aje wiki ijayo. Wiki iliyopita nilimwambia hivyo hivyo.